Ni Fatuma Yupi? Ibn Hajar, Pacioli na Codd Mbele ya Jedwali Moja

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina wanachama 32, na wawili kati yao wanaitwa Fatuma Ali. Kwa miaka mitatu hesabu zetu zilikaa katika lahajedwali moja refu: jina la mwanachama, namba ya simu, mtaa anaokaa, tarehe, hisa alizonunua, mkopo aliochukua, wadhamini wake. Kila Jumamosi tuliongeza mistari mipya, na kila mstari ulirudia jina, simu na mtaa upya. Fatuma mmoja alipobadili namba ya simu, mistari ya mwezi ule ikarekebishwa, ya nyuma ikabaki na namba ya zamani. Ulipofika wakati wa kugawana, mweka hazina wetu, mama mtu mzima anayejumlisha kichwani bila kukosea, aliweka kidole kwenye skrini akauliza: "Mwanangu, huyu ni Fatuma yupi?" Tulikesha siku mbili na stakabadhi mkononi ndipo tukapata jibu.

Swali hilo ndilo lililonifikisha kwenye hifadhidata, ambayo wengine huiita kanzidata. Nilipoanza kujifunza kuijenga kwa programu ya kawaida ya kompyuta ya mezani, nilidhani naingia katika elimu ngeni kabisa. Kadiri nilivyoendelea niliona kwamba swali la mama yule limeulizwa na kujibiwa mara nyingi kabla ya kompyuta. Wanazuoni wa hadithi za Mtume walilijibu kwa namna yao, wafanyabiashara wa Venice kwa namna yao, na mwaka 1970 mwanahisabati mmoja akalijibu huko California. Makala haya yanaziweka njia hizo tatu pamoja, kwa sababu naamini anayejifunza hifadhidata leo anapewa theluthi moja tu ya elimu anayoihitaji.

Jambo moja, mahali pamoja

Mwanahisabati huyo ni Edgar Codd. Alizaliwa Uingereza mwaka 1923, akawa rubani wa kivita katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha akafanya kazi katika kampuni ya IBM. Juni 1970, akiwa San Jose, alichapisha makala iliyobadili namna ya kutunza taarifa. Wakati ule taarifa nyingi za kompyuta zilipangwa kama matawi ya mti au kama mtandao wa njia, na aliyetaka kujua jambo ilimbidi ajue limefichwa tawi gani na lifikiwe kwa njia ipi. Mpangilio ukibadilika, programu zilizoandikwa kwa kufuata njia ile huharibika. Codd alitaka mtumiaji apumzishwe na mzigo huo. Taarifa zote, alisema, zikae katika majedwali ya kawaida, na kinachounganisha jedwali na jedwali kiwe ni thamani iliyoandikwa ndani yake, si njia iliyochimbwa ndani ya mashine.

Mwaka 1974 wenzake wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo leo inajulikana kama SQL. Codd alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981. Elimu hiyo haikukaa muda mrefu kwenye mashine kubwa za mabenki. Microsoft Access ilitoka mwaka 1992, na mwaka 2005 OpenOffice.org ikaleta Base, ambayo sasa imo ndani ya LibreOffice na haidai hata senti. Mtu mwenye kompyuta ya kawaida nyumbani anaweza kujenga leo kile ambacho zamani kilihitaji chumba kizima cha mashine.

Somo la kwanza ni kuligawa lile lahajedwali refu. Kikundi chetu kilipata majedwali manne. La kwanza ni Wanachama: namba ya mwanachama, jina, simu, mtaa. Kila mtu ana mstari mmoja tu. La pili ni Hisa: namba ya malipo, namba ya mwanachama, tarehe, kiasi. La tatu ni Mikopo, kwa mtindo uleule. Ukitazama jedwali la Hisa huoni jina la Fatuma wala simu yake, unaona 9 au 26. Tisa ni Fatuma wa karibu na msikiti, ishirini na sita ni Fatuma wa sokoni. Akibadili simu, unarekebisha sehemu moja, na malipo yake yote ya miaka mitatu yanaifuata.

Namba hiyo inaitwa ufunguo msingi inapokaa katika jedwali la mwenyewe, na ufunguo wa kigeni inapokwenda kutumika katika jedwali la wengine. Kwa nini isiwe jina? Majina hufanana. Kwa nini isiwe simu? Simu hubadilika. Hata namba ya kitambulisho cha taifa, si kila mtu anayo mkononi siku ya kujiunga. Kwa hiyo kikundi kinatoa namba yake chenyewe, isiyobeba maana nyingine yoyote, na ambayo mtu mwingine hapewi hata mwenyewe akiondoka.

Jedwali la nne ndilo linalowasumbua wanaoanza. Kila mkopo wetu una wadhamini wawili au watatu, na mwanachama mmoja anaweza kudhamini mikopo kadhaa. Wadhamini waandikwe wapi? Ukiwaweka katika Mikopo utahitaji mdhamini wa kwanza, wa pili, wa tatu, na siku anapotakiwa wa nne nafasi hakuna. Ukiweka mikopo katika Wanachama, tatizo ni lilelile. Dawa ni jedwali linaloitwa Udhamini, lenye safu mbili tu: namba ya mkopo na namba ya mwanachama. Kila tendo la kudhamini ni mstari mmoja. Uhusiano wenyewe umepewa makazi, na hapo ndipo mwanafunzi huanza kuielewa elimu hii. Hifadhidata haitunzi watu na vitu peke yake, inatunza pia yanayopita kati yao.

Mnyororo na kitabu cha watu

Wanazuoni wa hadithi walikutana na tatizo hili kwa ukubwa unaotisha. Kila hadithi ina sehemu mbili: matini, yaani maneno yenyewe, na isnadi, yaani mnyororo wa watu waliopokezana maneno hayo. Jina la mpokezi mmoja mashuhuri hujirudia katika minyororo isiyohesabika kwa urahisi. Lau kila mnyororo ungeeleza mtu huyo aliishi wapi, kumbukumbu yake ilikuwaje na alifariki lini, vitabu visingebebeka. Basi isnadi ikabeba majina tu, na habari za watu zikaandikwa mara moja katika vitabu vya rijali, yaani vya wapokezi.

Kilichonishangaza zaidi ni Taqrib al-Tahdhib cha Ibn Hajar al-Asqalani, mwanazuoni wa Cairo aliyefariki mwaka 1449. Al-Mizzi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1341, alikuwa amekusanya habari za wapokezi wa vitabu sita vya hadithi katika kazi ndefu sana. Ibn Hajar aliifupisha, kisha akaufupisha ufupisho wake mwenyewe mpaka kila mtu akapata takriban mstari mmoja. Watu zaidi ya elfu nane wamo, na kila mmoja ana jina na baba yake, nisba na kunia, daraja ya uaminifu, tabaka, mwaka wa kufariki, na herufi inayoonyesha ametajwa katika kitabu gani. Kha ni Bukhari, mim ni Muslim, dal ni Abu Dawud, ta ni Tirmidhi, sin ni Nasai, qaf ni Ibn Majah. Aliyemo katika vyote sita hupewa ayn. Hizo ni safu za jedwali kamili, na herufi zile zinafanya kazi ya ufunguo wa kigeni: zinakupeleka kwenye kitabu bila kukirudia.

Kuna ustadi mwingine ndani ya mstari huo. Ibn Hajar aliwagawa wapokezi katika tabaka 12 kwa zama zao. Katika dibaji yake anaeleza kwamba tabaka mbili za kwanza walifariki kabla ya mwaka 100 wa Hijra, wa tatu hadi wa nane baada ya 100, na wa tisa hadi wa kumi na mbili baada ya 200. Baada ya kuiweka kanuni hiyo aliacha kuandika mamia. Sufyan al-Thawri ameandikiwa tabaka la saba na mwaka sitini na moja, nawe msomaji unajua ni 161. Sufyan bin Uyayna yumo tabaka la nane na mwaka tisini na nane, basi ni 198. Jambo linalojulikana kutokana na jambo jingine lililokwisha kuandikwa halirudiwi. Codd na wafuasi wake wana kanuni zao za kuyapa majedwali umbo sahihi, na kiini cha kanuni hizo ni hikihiki.

Nimewataja Sufyan wawili kwa makusudi. Wao ndio akina Fatuma Ali wa elimu ya hadithi. Waliishi zama zinazokaribiana, walichangia baadhi ya masheikh na wanafunzi, na mara nyingi mnyororo unasema "Sufyan" bila zaidi. Tatizo hilo lilikuwa zito kiasi kwamba al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1071, alitunga kitabu kizima juu ya watu waliofanana majina. Wanazuoni hawakuwapa Sufyan hao namba. Waliwatambua kwa waliokaa nao: nani anapokea kutoka kwake, naye anapokea kutoka kwa nani. Utambulisho wa mtu ulitoka katika mahusiano yake. Mweka hazina wetu hufanya vivyo hivyo anaposema, "Huyu ni Fatuma anayedhaminiwa na wifi yake."

Daftari la Venice

Mwaka 1494 mtawa Mfransisko Luca Pacioli alichapisha mjini Venice kitabu kikubwa cha hisabati, na ndani yake sehemu inayoeleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza hesabu. Hakudai kuwa ameibuni. Alieleza vitabu vitatu. Cha kwanza kilipokea kila jambo papo hapo, kwa sarafu yoyote na mkono wa yeyote aliyekuwapo dukani. Cha pili kiliyapanga mambo hayo kwa mfuatano na kwa sarafu moja. Cha tatu, daftari kuu, kilimpa kila mtu na kila bidhaa ukurasa wake. Jambo likihamishwa kutoka kitabu cha pili kwenda cha tatu, pembeni huandikwa namba mbili za kurasa, ya anayedaiwa na ya anayedai. Daftari kuu nalo lina faharasa ya alfabeti ya kutafutia majina.

Kwa haraka mtu atasema ni yaleyale: majedwali matatu, funguo pembeni, faharasa. Lakini Pacioli anafanya jambo ambalo mwalimu wa hifadhidata humkataza mwanafunzi siku ya kwanza: anaandika kila kitu mara mbili. Nikiuza karafuu kwa mkopo, kiasi kilekile kinaingia katika ukurasa wa karafuu na katika ukurasa wa mteja. Je, huo si urudiaji uleule uliotuponza katika lahajedwali letu?

Sio. Simu ya Fatuma iliandikwa mara mia bila kuwapo chochote cha kuhakikisha kwamba namba zote mia zinafanana. Kiasi cha karafuu kimeandikwa mara mbili kwa makusudi, ili siku ya kufunga hesabu jumla ya upande huu isimame mbele ya jumla ya upande ule. Zisipolingana, kosa limejitangaza lenyewe. Urudiaji wenye msimamizi ni ulinzi, usio na msimamizi ni kutu. Tofauti hiyo haimo katika masomo mengi ya hifadhidata niliyoyapitia, na kwa maoni yangu ndiyo inayotenganisha hesabu za kuaminika na hesabu zilizopangwa vizuri tu.

Mahali, mtu, thamani

Sasa tuzilinganishe njia hizi kwa vipimo vitatu. Cha kwanza: kila moja inaelekeza kwenye kitu gani? Pacioli anaelekeza kwenye mahali, yaani ukurasa. Ni njia ya haraka, ila daftari likijaa na kuhamia jipya, kurasa zinabadilika. Ndiyo maana wafanyabiashara walilazimika kuvitia vitabu vyao alama, cha kwanza msalaba, kisha A, B na kuendelea, ili ukurasa wa kitabu kimoja usichanganywe na wa kingine. Isnadi inaelekeza kwa mtu, kwa kutaja jina lake. Ni njia yenye utajiri, kwa sababu jina linakuja na ukoo, mji na masheikh wake, ila inadai mwanazuoni aliyesoma sana ili wawili wasichanganywe. Codd anaelekeza kwenye thamani, ambayo haijali imekaa ukurasa gani wala haihitaji mwanazuoni. Tisa ni tisa popote.

Mzungumzaji wa Kiswahili analijua jambo hili kabla ya kugusa kompyuta. Tunasema, "Kisu kiliangukia sahani ikavunjika," na hakuna anayeuliza kilichovunjika ni kipi. Kile kiambishi i- kimeelekeza kwa sahani. Sema sasa, "Kisu kiliangukia kiti kikavunjika." Kimevunjika kisu au kiti? Ki- inavielekea vyote viwili. Upatanisho wetu wa kisarufi ni mfumo wa marejeo, na unakwama palepale hifadhidata inapokwama: viwili vinapochangia alama moja. Mwalimu anayefundisha somo hili kwa Kiswahili aanzie kwenye sentensi hizo mbili. Mwanafunzi atajua ufunguo ni nini kabla hajaliona jedwali.

Kufuta na kuacha alama

Kipimo cha pili ni kosa. Likitokea, linafanywaje? Pacioli anafundisha kwamba jambo lililoandikwa pasipo pake lirekebishwe kwa kuandika kinyume chake, si kwa kulifuta. Kosa linabaki, na marekebisho yake yanabaki karibu nalo. Ibn Hajar naye hamwondoi mpokezi dhaifu katika kitabu. Amepanga daraja 12 za watu, kuanzia masahaba hadi waliothibitika kusema uongo, na hata hao wa mwisho wana mistari yao. Anayekutana na jina hilo katika mnyororo lazima aweze kulitafuta na kuonywa.

Programu ya mezani ina tabia nyingine. Ukibofya kwenye kisanduku ukaandika 50,000 juu ya 20,000, ile 20,000 imekwenda, wala haitajulikana nani aliyeibadili isipokuwa mjenzi aliliwazia hilo tangu mwanzo. Hifadhidata changa inakumbuka hali ya leo na kuisahau ya jana. Kwa orodha ya nyimbo hilo si neno. Kwa fedha za kina mama wa sokoni ni hatari.

Ukweli unalindwa wapi

Kipimo cha tatu ndicho kizito kuliko vyote. Siku moja nilijaribu makusudi kuingiza malipo ya mwanachama namba 57, asiyekuwepo. Nilikuwa nimekwisha kwenda kwenye menyu ya zana ya Base, nikafungua dirisha la mahusiano, nikavuta mstari kutoka namba ya mwanachama katika Wanachama hadi namba ya mwanachama katika Hisa. Upande mmoja wa mstari ikatokea 1, upande wa pili n: mtu mmoja, malipo mengi. Baada ya hapo Base ilikataa malipo ya 57 katakata. Ilikataa pia nilipotaka kumfuta mwanachama mwenye hisa. Ni ulinzi mzuri, nami nilifurahi kwa dhati.

Kisha nikaingiza shilingi 100,000 kwa jina la namba 9, fedha ambayo hakuna aliyeilipa. Programu ikapokea bila kusita. Kwake kila kitu kilikuwa sahihi: namba 9 ipo, tarehe ni tarehe, kiasi ni namba. Mfumo wa Codd unahakikisha kwamba kila kinachoelekezwa kipo. Hauulizi kama kilichosemwa ni kweli.

Hapo ndipo zile mila mbili za zamani zinapokuwa na la kufundisha. Muhaddithi, yaani mwanazuoni wa hadithi, huanza na swali, "Nani kasema, na yeye kaambiwa na nani?" Kwake kiungo chenyewe kinapimwa, na mnyororo wenye watu wote unaweza kukataliwa kwa sababu ya mtu mmoja asiyeaminika. Mhasibu wa Venice huuliza, "Je, pande mbili zinalingana?" Ya kwanza inatafuta shahidi, ya pili inatafuta mizani. Hifadhidata inatafuta mpangilio tu, na mpangilio peke yake huweza kuupendezesha uongo.

Baada ya kuyaona haya tuliongeza mambo matatu katika majedwali yetu, na yote yanawezekana kwa mwanafunzi wa wiki ya pili. Kila mstari wa fedha una safu ya namba ya stakabadhi na safu ya jina la aliyeingiza, hiyo ndiyo isnadi yetu. Malipo yaliyokosewa hayafutwi, huandikwa mstari wa kinyume wenye tarehe yake, hilo ni funzo la Pacioli. Na kila Jumamosi kuna ulizo moja linalojumlisha fedha zote zilizoingia na kutoka, ambalo mweka hazina hulilinganisha na fedha zilizomo kwenye sanduku kabla halijafungwa kwa kufuli tatu. Kufuli hizo zilikuwapo kabla ya kompyuta, nazo hazitaondoka.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa kupanga, njia ya Codd imewashinda wote waliotangulia: ni nyepesi, haitegemei kumbukumbu ya mwanazuoni wala ukurasa wa daftari, na mtu wa kawaida anaweza kuijifunza kwa mwezi mmoja. Kwa kulinda ukweli, bado iko nyuma ya Cairo na Venice, na anayeijifunza peke yake atajenga nyumba yenye vyumba vilivyonyooka isiyo na mlinzi.

Kwa hiyo namwomba kila anayetaka kuanza, awe karani wa shule, katibu wa ushirika au kijana wa chuo: usianze na programu. Chukua karatasi, chora majedwali yako kwa kalamu, andika juu ya kila moja ni habari za nani au za tendo gani, na uvute mistari kati yake. Chini ya kila safu jiulize nani atakayeleta habari hiyo na itahakikiwa kwa kitu gani. Kisha ipeleke karatasi kwa yule mtu wa kikundi chako anayewajua watu wote kwa sura na kwa ukoo, ukae naye, umsikilize. Akiuliza "Ni yupi huyu?" na karatasi yako ikakosa jibu, chora tena. Akinyamaza akatikisa kichwa kukubali, washa kompyuta.